Chupa ya kijani iliyofika Muheza kwa basi

Mama yangu ana kisukari tangu mwaka 2016. Yeye yuko Muheza, kwenye nyumba aliyoiacha baba, pamoja na mdogo wangu wa mwisho. Mimi niko Dar es Salaam, Tabata, natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Ukiwa mbali na mzazi mgonjwa, karibu kila unachomfanyia kinapitia kwenye simu: unapiga, unatuma hela ya dawa, unauliza amekula nini. Na kosa langu nililifanya kwenye simu hiyohiyo.

Januari 2024 mama alirudi kutoka kliniki amekata tamaa. Sukari ilikuwa 13.4 kabla ya kula, na daktari alimwambia kwamba isiposhuka ndani ya miezi mitatu itabidi aanze sindano za insulini. Mama anaziogopa sindano zile kuliko ugonjwa wenyewe. Dada yake mkubwa alianza kudungwa, mwaka uliofuata akakatwa mguu, kisha akafariki. Kwa mama, sindano ndiyo iliyomchukua dada yake. Nikajaribu kumweleza kwamba mguu uliharibika kwa sababu sukari ilikaa juu miaka mingi na sindano ilichelewa kuanza. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama mvua imeshaanza Dar. Nikajua hatakubali.

Usiku ule niliandika kwenye simu: dawa ya kushusha sukari bila sindano. Nilisoma kidogo, nikalala. Kesho yake kila tovuti niliyoifungua ilikuwa na tangazo la kisukari. Nikiangalia matokeo ya mpira, lipo. Nikitafuta namna ya kukanda unga wa sambusa, lipo. Nilidhani dawa hiyo imeenea sana ndiyo maana inatangazwa kila mahali. Sikujua kwamba aliyekuwa akiwindwa ni mimi. Tovuti nyingi hukodisha nafasi zao kwa kampuni za matangazo, na kampuni hizo huzipiga mnada papo hapo, kila ukurasa unapofunguka. Mtangazaji analipia macho ya mtu aliyeonyesha ana shida fulani, popote mtu huyo atakapokwenda. Mwenye tovuti ya mpira pengine hata hajui ni tangazo gani lililotokea kwangu. Kwa hiyo tangazo kukaa kwenye tovuti unayoiamini si ushahidi kwamba tovuti hiyo imelikagua.

Siku ya nne nililigusa.

Ukurasa uliofunguka ulipangwa kama habari ya gazeti. Juu kabisa ilikuwa picha ya daktari ambaye nimemwona kwenye televisheni kwa miaka, mtu wa kuheshimika, na kichwa cha habari kilisema amefukuzwa kazi kwa kufichua siri ambayo watengenezaji wa dawa hawataki tuijue. Chini kulikuwa na maoni ya wasomaji: mama wa Mwanza aliyetupa mashine yake ya kupimia, mzee wa Dodoma aliyerudi shambani. Pembeni saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma kutoka dakika tisa. Kulikuwa na mstari mwekundu uliosema watu 14 wa Dar es Salaam wameagiza leo. Bei ilikuwa shilingi 178,000 imekatwa kwa wino, pembeni 89,000.

Walichotaka ni jina na namba ya simu tu, na malipo baada ya kupokea mzigo. Hapo ndipo nilipolegea. Nilijiambia matapeli hutaka hela kwanza, hawa wanasubiri mzigo ufike, basi ni watu wa kweli. Nimekuja kujifunza kwamba namba yako yenyewe ni mali. Mtu anayeliweka tangazo mara nyingi si mwenye dawa. Ni dalali anayelipwa kwa kila mteja anayekubali kwa simu, na ndiyo maana haogopi kuandika uongo wowote utakaokufanya uache namba.

Zilipita dakika nne, simu ikaita. Alikuwa mwanaume mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa daktari mshauri. Aliniuliza umri wa mama, uzito wake, sukari imefika ngapi, miguu inakufa ganzi au la. Alisikiliza. Daktari wa kliniki ana foleni ya watu sitini na hana muda wa kukusikiliza hivyo, na mimi niliyekuwa na hofu ya wiki nzima nikaona nimepata mtu. Akasema kongosho la mama, kiungo kinachotoa insulini mwilini, limelala, linahitaji kuamshwa, na kwa hali yake chupa moja haitoshi, inatakiwa kozi kamili ya chupa 3. Angenifanyia 240,000. Nikamuuliza dawa zake za hospitali je, akajibu aendelee nazo kwa sasa, tutazipunguza taratibu. Kisha akaongeza, kwa sauti ileile: "Ila dada, msiwaambie wa hospitali. Hawapendi tiba asili, watawavunja moyo bure."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi mno. Mengine yote kwenye tangazo lile yalikuwa uongo wa kumtoa mtu hela. Maneno hayo ndiyo yaliyotaka kumtoa mama uhai. Ukisikia muuzaji wa kitu chochote cha kumeza au kupaka anakuomba umfiche daktari wako, kata simu. Usiendelee kusikiliza maelezo.

Mzigo uliletwa kazini na kijana wa bodaboda. Nikamhesabia 240,000 taslimu, hakunipa risiti. Chupa zilikuwa za plastiki ya kijani kibichi, zenye picha ya jani na tone la umande. Zilinukia karafuu hata kabla ya kufunguliwa. Lebo ilikuwa ya Kiingereza: asili kwa asilimia 100, kisha mhuri wa duara ulioandikwa FDA, mwingine GMP, mwingine ISO. Jina la kiwanda halikuwepo, wala nchi ilikotengenezwa, wala namba ya usajili. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya kikaratasi kingine, na kona ya kile cha chini ilikuwa inachungulia. Niliiona kona ile. Nikaikandamiza kwa kidole irudi mahali pake.

Kazini kwangu, ankara ikija bila jina la aliyeiandika nairudisha hapohapo, hata kama ni ya mfuko mmoja wa saruji. Chupa hizi nilizifunga kwenye boksi, nikazipeleka kituo cha Magufuli, Mbezi, nikamkabidhi kondakta wa basi la Tanga.

Nilimpigia mama kumweleza namna ya kumeza: vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Akaniuliza kama hospitali wanaijua dawa hiyo. Nikamwambia ni ya mitishamba, imethibitishwa, haina madhara. Akasema, "Wewe ndiye uliyesoma mwanangu. Ukisema nimeze, nitameza."

Siku ya tatu sukari ilikuwa 9. Siku ya nane ilikuwa 6.1. Mama alinisomea namba ile kwenye simu mara mbili, sauti yake imechangamka kama ya zamani, na mimi nilitoka nje ya duka nikalia. Jioni ile nikatuma kiungo cha tangazo kwenye kundi la familia. Nikamtumia shangazi yangu wa Korogwe peke yake pia, kwa sababu yeye naye ana sukari. Nikawatumia na wenzangu wawili wa kazini ambao wazazi wao wanaumwa. Niliandika: hii imemsaidia mama yangu kabisa. Tangazo lililodanganya watu kwa maoni ya uongo sasa lilikuwa na ushuhuda wa kweli, wa kwangu.

Laiti ningejua, kile kilichonifurahisha ndicho kilichopaswa kunitisha. Majani ya kweli hayashushi sukari kutoka 13 hadi 6 kwa siku nane kwa mtu aliyeugua miaka minane. Kinachofanya hivyo ni dawa yenye nguvu.

Ramadhani ya mwaka ule ilianza Machi. Kliniki walikuwa wamemshauri mama asifunge mpaka sukari itulie, na mwaka uliotangulia alilipa fidia kwa unyonge sana, maana hajawahi kupenda kukaa nje ya funga. Sasa akaniambia: imetulia, nafunga. Nikamwambia Mungu akutie nguvu. Daku alimeza vidonge vya kijani pamoja na metformini, dawa yake ya hospitali, akanuia.

Siku ya sita, saa kumi alasiri, alikuwa uani anamenya mihogo ya futari. Mdogo wangu alikuwa chumbani, akasikia kisu kikianguka kwenye sinia. Alipotoka akamkuta mama ameketi palepale kwenye kigoda, kanga imelowa jasho kama iliyotoka kufuliwa, mikono inatetemeka, anaongea na marehemu dada yake. Anamwambia asogeze jiko. Majirani wakajaa. Mmoja akasema swaumu imemzidi. Mwingine akasema hayo ni mambo ya kwao, aitwe mtu wa kumsomea. Kuna aliyeleta maji ya sukari, wazo zuri, lakini mama alikuwa hawezi tena kumeza, yakamtoka pembeni ya mdomo. Jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati akamshika mkono yule mwenye kikombe: "Usimnyweshe, atapaliwa. Bajaji, haraka."

Nayaandika haya ili yamfae mwingine. Mgonjwa wa kisukari akitoka jasho jingi, akitetemeka, moyo ukienda mbio, akaanza kuongea yasiyoeleweka, usisubiri magharibi. Kama bado anameza vizuri, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini ya 4, kisha ale chakula. Kama hawezi kumeza au amepoteza fahamu, usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu, mwahishe hospitali. Na kwa waliofunga: madaktari wa kisukari wanasema sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua hapohapo. Kujidunga kidole kupima hakubatilishi swaumu. Nilikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wetu baadaye, akanithibitishia, akasema anatamani watu wangekuja kuuliza kabla.

Hospitali walipima: 1.9. Wakamtundikia dripu ya glukosi, na baada ya muda mfupi akafumbua macho, akauliza mihogo imeiva. Mdogo wangu akanipigia analia na kucheka kwa pamoja. Ilikuwa saa moja usiku.

Kisha daktari akaomba kuongea na mimi, kwa kuwa mdogo wangu alimwambia dada ndiye anayeshughulikia dawa. Nilimwamkia. Akasema, "Metformini peke yake haimshushi mtu hivi, hata akiwa amefunga. Kuna kitu kingine chochote mama anameza?"

Nikasema, "Hapana, daktari."

Sijui kama kuna namna ya kulieleza jambo hili likaeleweka. Niliogopa wasije wakamgombeza mama kitandani. Nilimwonea aibu daktari ambaye sijawahi kumwona. Na ndani yangu bado kulikuwa na ile sauti ya upole iliyosema watawavunja moyo bure. Pia nilikuwa siamini. Chupa ilisema asili kwa asilimia 100, na kwa nini majani yamwangushe mama yangu? Nikakata simu nikakaa sakafuni.

Saa tatu usiku mdogo wangu akapiga tena. Sukari ilikuwa imepanda hadi 8, wakapunguza kasi ya dripu, na sasa imerudi 2.4. Mama hasemi. Nikamwambia mpe daktari simu. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, nikamtumia na picha ya chupa niliyokuwa nimeipiga kabla ya kuifunga. Nilitegemea atanifokea. Akasema, "Asante kwa kuniambia. Chupa yenyewe iletwe sasa hivi, na asimeze hata kimoja tena." Kisha akaniambia atabadilisha kila kitu.

Alinieleza kesho yake, nilipofika kwa basi la alfajiri. Kuna kundi la dawa za kisukari zinazolikamua kongosho litoe insulini, glibenklamidi ikiwa mojawapo. Ni dawa halali, ya bei ndogo, watu wengi wanaitumia kwa maelekezo ya daktari. Lakini nguvu yake inakaa mwilini muda mrefu. Mtu akishushwa nayo, sukari unayompa kwenye dripu inampandisha, halafu kongosho lile linaloendelea kukamuliwa linamshusha tena. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hiyo haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu amezinduka: anawekwa chini ya uangalizi siku nzima au zaidi, anapimwa kila saa. Mtu aliyeshuka kwa sababu ya njaa ya kawaida hukaa sawa akishakula. Kutokana na mwenendo wa mama, daktari aliamini vidonge vile vimechanganywa na dawa ya kundi hilo. Kama ningesema saa moja usiku, mama asingeteremka mara ya pili.

Nilikivunja kidonge kimoja juu ya kisahani cha chai, pembeni ya kitanda chake. Unga ulikuwa wa kijani kama mlonge uliokaushwa. Nilipousambaza kwa ncha ya kijiko zikaonekana punje nyeupe, ngumu kidogo, zilizokuwa zimefichwa na kijani. Zilikuwa nyingi. Mama alikuwa ananitazama. Akaniuliza, "Ndiyo hizo?" Nikasema ndiyo hizo.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilishatokea kwingine, kwa ukubwa wa kutisha. Huko Singapore, ndani ya miezi mitano ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 ambao hawakuwa hata na kisukari walilazwa kwa kushuka sukari vibaya. Saba walibaki wamepoteza fahamu, na wanne kati yao wakafa. Baadhi yao walikiri kwamba walimeza vidonge haramu vya nguvu za kiume, na vingine vilivyouzwa kama dawa za mitishamba, ndani yake mna glibenklamidi nyingi. Niliposoma habari ile niliwafikiria mama wa Mwanza na mzee wa Dodoma wa kwenye tangazo, ambao hawapo, na nikawafikiria wanunuzi wenzangu 14, ambao huenda walikuwepo.

Mama alikaa siku tatu wodini. Gharama nitazisema wazi, kwa sababu tunapopiga hesabu ya dawa hizi tunahesabu chupa tu. Chupa zilikuwa 240,000. Kitanda, dripu, vipimo pamoja na vya figo, 186,000. Nauli zangu, chakula, bajaji za mdogo wangu, na siku tano ambazo sikulipwa kazini, vyote pamoja vilivuka 200,000. Dawa aliyokuwa anaitumia, ile ya hospitali, tunainunua shilingi 6,000 kwa mwezi.

Niliporudi Dar nililifungua tangazo tena, safari hii kwa macho ya mtu anayekagua hesabu. Saa ya kuhesabu ilipofika sifuri, haikutokea chochote. Nikaufungua ukurasa upya, ikaanza tena dakika tisa. Tarehe ya habari ilikuwa jana. Kesho yake ikawa jana nyingine. Yale maoni ya wasomaji yalikuwa picha moja ndefu, ukigusa jina la mtu hakuna kinachofunguka. Nikaipeleka picha ya mzee aliyepona kwenye sehemu ya kutafuta picha, nikamkuta kwenye kurasa za Kihispania na za Kithai akiwa amepona goti, tezi dume, na macho. Mwenzetu mmoja aliyekuwa Nairobi alipoulizwa, kwake mstari mwekundu ulisoma watu 14 wa Nairobi. Ukurasa unasoma eneo ulilopo kupitia intaneti yako na kulijaza jina la mji. Yule daktari wa televisheni picha yake iliibwa tu. Hakuwahi kuitamka dawa hiyo.

Kilichonifumbua macho zaidi kilifanywa na kijana wa kompyuta pale kazini. Alikifungua kiungo kilekile kwenye kompyuta ya ofisi. Ukatokea ukurasa wa kutunza maua ya waridi, hauna neno la dawa. Akakifungua kwenye simu yangu, likatokea tangazo. Akanieleza kwamba kurasa hizi zimetengenezwa kutambua ni nani anayetazama: mkaguzi akija anaonyeshwa maua, mwenye shida akija anaonyeshwa dawa. Ndiyo maana tangazo likiripotiwa mara moja halitoki. Ukiripoti, weka picha za skrini, anuani kamili ya ukurasa, saa na tarehe, na useme umefungua kwa simu gani ukiwa wapi. Akaniangalizia pia lini anuani ya tovuti ile ilisajiliwa. Ilikuwa na wiki sita. Mtu yeyote anaweza kuliangalia hilo bure, ni suala la dakika mbili.

Kuhusu mihuri: ule wa FDA ni jina la mamlaka ya dawa ya Marekani, na mamlaka hiyo haiidhinishi virutubisho vya mitishamba kabla havijauzwa, kwa hiyo mhuri wake kwenye chupa ya namna ile haumaanishi kitu. Kwetu Tanzania dawa husajiliwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na orodha ya dawa zilizosajiliwa inatazamika kwenye tovuti yao. Dawa za asili zina chombo chake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Sina ugomvi na tiba asili. Bibi yangu alikuwa mganga wa watoto na watu walimjua kwa jina na kwa mlango wake. Mtu wa tiba asili aliyesajiliwa ana jina, ana mahali, na ukipata shida unajua utamkuta wapi. Mimi nilipozipigia namba zile tatu walizonipigia nazo, mbili hazikupatikana, ya tatu ilipokelewa na mtu aliyesema sukari kushuka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, nimwongezee asali. Nilipotaja kurudishiwa hela akakata.

Chupa zilizobaki hospitali walizichukua pamoja na fomu ya kuripoti madhara ya dawa. Fomu hiyo ipo, inakwenda TMDA, na hata wewe mgonjwa au ndugu unaweza kuomba ijazwe. Hapa ndipo wengi tunapokosea: tunapona, tunazitupa chupa chooni kwa hasira, na ushahidi unakwenda na maji. Usitupe. Ihifadhi chupa, boksi, hata kikaratasi cha bodaboda kama kipo. Namba zilizonipigia nilizituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na ukitaka kuwashtaki kama mlaji aliyedanganywa, Tume ya Ushindani ina sheria ya mwaka 2003 inayokataza udanganyifu katika biashara, lakini utahitaji kujua umemshtaki nani, na mimi sikuwa na hata risiti. Simu zao hazikukoma. Namba yangu ilishauzwa, na hadi mwaka jana nilikuwa napigiwa kuhusu presha, magoti, na macho.

Mama alianza insulini mwezi Mei. Alikubali mwenyewe. Nadhani alipokuwa wodini aliona wagonjwa wengine wanajidunga wenyewe tumboni, wanacheka, wanakula, hakuna aliyekatwa mguu. Muuguzi mmoja alikaa naye nusu saa, akamshikisha sindano ile ndogo, akamwambia, "Mama, kaisikilizie kwanza kwenye chungwa." Nusu saa ile ndiyo niliyokuwa nikiitafuta kwenye simu tangu Januari. Sasa ana daftari, anaandika namba zake kwa kalamu nyekundu ikiwa juu, ya bluu ikiwa sawa. Mwaka huu hakufunga, amelisha maskini, na hajalisemea kwa unyonge.

Jambo nililolichelewesha ni lile kundi la familia. Nilirudi kuandika baada ya siku kumi, kwa sababu niliona haya. Niliandika yote kama nilivyoandika hapa, nikawaambia yeyote aliyenunua aache leo na aende kupimwa, na asiache dawa zake za hospitali. Shangazi hakujibu. Nikapanda basi hadi Korogwe. Nikamkuta barazani anachambua mchele, na kwenye dirisha, nyuma ya mgongo wake, kulikuwa na chupa ya kijani. Alikuwa amenunua mbili, moja imeshaisha. Alisema amekuwa akiamka usiku amelowa jasho na akadhani ni joto la Korogwe. Tulimpima palepale kwa mashine niliyokwenda nayo: 3.1. Tukamnywesha chai yenye sukari, tukakaa kungoja dakika 15, mimi nimeshika saa, yeye anaendelea kuchambua mchele.

Ilipofika 5.2 akaniuliza, bila ukali, "Na ile laki na themanini yangu?"

Nilikuwa nimekwenda nayo kwenye bahasha. Nikampa. Wale wenzangu wawili wa kazini, mmoja hakuwahi kununua. Wa pili aliacha kazi Februari kabla sijawaambia, namba yake haipatikani, na baba yake anaishi mahali fulani karibu na Handeni. Nimeshawauliza watu watatu wa Handeni. Bado namtafuta.